Wazee wetu waliorudi na kikohozi kutoka misheni: tunaandika moshi waliovuta, naombeni mchango wenu

#1 Binti wa Afande (mleta mada)

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, habari za usiku.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye stuli nje ya mlango wa chumba cha baba, huku Ukonga, saa nane usiku. Baba halali chali. Analala ameegemea mito mitatu, na kifua kinapiga mluzi. Mluzi ukisikika nakuwa na amani. Ukinyamaza ghafla nainuka kwenda kumtazama. Huu ni mwaka wa nne usiku wangu uko hivyo, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Baba ni askari mstaafu. Alikwenda misheni ya kulinda amani katika nchi moja ya vumbi. Sitaitaja, wala kikosi sitakitaja, kwa sababu sikuja hapa kumshitaki mtu. Alikwenda akiwa mzima. Kabla ya safari walimpima damu, macho na kifua, wakamkimbiza, akafaulu vyote. Sisi watoto tunamkumbuka akitoka alfajiri kwenda kukimbia barabara ya Pugu na kurudi na jasho linamtiririka, mama ndiyo kwanza anaepua chai. Alirudi na nishani, blanketi la kahawia, na kikohozi. Nishani iko ukutani. Kikohozi tulidhani ni vumbi la kule, kitaondoka na tangawizi na asali.

Kambini kwao palikuwa na shimo la kuchomea taka, nyuma ya jiko. Baba anasema lilikuwa hatua mia na arobaini kutoka kwenye hema lao, na mtu aliyefundishwa gwaride akikutajia hatua huna haja ya kumwuliza mara mbili. Kila kitu kiliingia humo: chupa za maji, sahani za plastiki, betri za redio, matairi, makopo ya rangi, dawa zilizopita muda, mabaki ya chakula. Mapipa ya chooni nayo yalimwagiwa dizeli yakachomwa, na aliye zamu alikuwa anakoroga na nondo ili yaungue sawasawa. Kinga ilikuwa kitambaa cha jasho kilichofungwa puani. Upepo ukigeuka jioni, masizi yalikuwa yanatua juu ya ugali. Wanayakwangua na kijiko, wanaendelea kula. Asubuhi mtu akipenga kamasi, ni nyeusi. Na waliona kawaida, kwa sababu kazi iliyowapeleka ilikuwa nyingine na hatari waliyokuwa wanaiangalia ilikuwa na bunduki.

Hospitali tumezunguka. Makohozi yamepimwa kifua kikuu mara tatu, hakuna kitu. Picha ya kifua imepigwa, tukaambiwa ni safi. Kwanza ikawa pumu, baadaye gesi tumboni, mwisho uzee. Baba ana miaka 57. Kuna ofisi moja alikwenda kuuliza kama kuna msaada wowote kwa mtu wa hali yake. Kijana wa mezani, kwa upole kabisa, akamwuliza: "Mzee, una karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ulivuta moshi?"

Baba alirudi na daladala, akakaa kwenye mkeka, hakusema neno mpaka magharibi. Nani anapewa risiti ya moshi?

Swali lile lilinikera wiki nzima. Kisha likaanza kunifanya nisome, na nilichokikuta ndicho kimenileta hapa.

Wamarekani walipokuwa Iraq na Afghanistan walichoma taka za kambi zao kwenye mashimo ya wazi namna hiyo hiyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Kambi yao ya Balad, kaskazini ya Baghdad, ilikuwa na shimo la ekari zipatazo 10. Liliwaka usiku na mchana, zaidi ya tani 100 kwa siku, likichochewa na mafuta ya ndege. Desemba 2006 afisa wao wa afya ya mazingira pale pale Balad, mwenye cheo cha luteni kanali, aliandika waraka kwa wakubwa kwamba moshi ule ni hatari kwa afya ya watu waliopo. Aliuandika shimo likiwa linawaka. Haukuzima moto siku ile. Lakini miaka ilipopita na watu wakaanza kuugua, waraka ule ulikuwepo, una tarehe, na hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo halikujulikana.

Askari wao waliporudi nyumbani walikutana na swali lile lile la baba. Kati ya 2007 na 2020 idara yao inayoshughulikia maveterani ilipokea madai zaidi ya 12,000 ya maradhi ya mashimo ya moto, na karibu asilimia 78 ya madai hayo ilikataa. Sababu kubwa: thibitisha. Kapteni mmoja wa Texas, Le Roy Torres, aliyekuwa Balad, alirudi hapumui vizuri, akapoteza na kazi yake ya polisi. Yeye na mkewe Rosie walianza wenyewe kukusanya habari za wagonjwa wenzao. Serikali yao ilipitisha sheria ya kufungua daftari rasmi Januari 2013, na daftari lenyewe likaanza kupokea majina 2014. Agosti 10, 2022 Rais Biden akasaini sheria inayoitwa PACT, iliyopewa jina la Sajenti Heath Robinson aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Biden mwenyewe alimzika mwanawe Beau mwaka 2015 kwa saratani ya ubongo. Kijana huyo alihudumu Iraq, na baba mtu amesema mara nyingi kwamba anaamini moshi ule ulichangia.

Naomba msome hapa taratibu. Sheria ile imeondoa swali la risiti. Ukionyesha kwamba ulikuwepo nchi fulani kipindi fulani, na una ugonjwa uliomo kwenye orodha yao, hawakuulizi tena uthibitishe kwamba moshi ndio uliokuumiza. Somalia imo kuanzia Agosti 1990, Djibouti imo kuanzia Septemba 2001. Hizo si nchi za mbali na sisi.

Najua mtaniambia Marekani wana hela. Ni kweli. Sheria yao pia haimgusi baba hata chembe. Ninachokiangalia mimi ni ile miaka ya kabla ya sheria, wagonjwa na wake zao wakiandika nani alilala wapi, shimo lilikuwa umbali gani, kikohozi kilianza lini.

Hapa kwetu jina la Kariakoo linanitosha. Sote tunakwenda kununua vitenge na vyombo pale, na jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Majina ya wengi wao hayapo popote. Pale Posta Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927 na bunduki yake, na kila nikipita na daladala namtazama yule bwana na kujiuliza alitoka kijiji gani, na mama yake aliitwa nani.

Basi Februari mwaka jana nilinunua kaunta ya kwaya nne pale Gongo la Mboto. Nikaanza na baba. Baba akamwita mwenzake, naye akamwita mwingine. Mpaka leo nimeandika wazee tisa. Watano wanakohoa au wanahema wakipanda ngazi. Mmoja ana tatizo la damu ambalo sijui kama linahusika, nimeliandika hivyo hivyo. Watatu ni wazima, wanalima na kucheza bao, nao nimewaandika, maana nikiandika wagonjwa peke yao hakuna mtu mwenye akili atakayeniamini.

Kazi ngumu ni tarehe. Ukimwuliza mzee alianza kukohoa mwaka gani, atakujibu "zamani." Nikajifunza kuuliza kwa njia ya mambo yaliyotokea. Brazil walipokuja kucheza na Stars Uwanja wa Taifa ulikuwa umesharudi? Mabomu ya Gongo la Mboto yalipolipuka ulikuwa unakohoa? Hapo uso wa mtu unafunguka. Mechi ilikuwa Juni 7, 2010, tulifungwa 5-1. Mabomu yalikuwa usiku wa Februari 16, 2011, sisi wa huku hatuwezi kuisahau. Baba anakumbuka Stars walipopata lile bao moja alitaka kushangilia na wenzake kibandani, kikohozi kikamkaba mpaka akatolewa nje. Kwa hiyo Juni 2010 kikohozi kilikuwepo, na mashahidi wawili waliokuwa kibandani wapo hai. Nimeandika majina yao.

Halafu kuna vitu vilivyo ndani ya masanduku. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ina muhuri na tarehe. Picha za kusafishwa zina maandishi nyuma. Barua kwa mama, ile ya Idi, ina sentensi moja: "Huku moshi ni mwingi, macho yanauma." Mama aliitunza kwa mapenzi tu, hakujua inaweza kuja kuwa ushahidi.

Naomba haya: mwenye mzazi au mume aliyekwenda misheni yoyote aniambie anakumbuka nini. Madaktari, mniambie tupime nini hasa. Wanasheria, kaunta yangu ina uzito gani? Sina haraka, usiku ni mrefu.

#2 Hoja Kwanza

Mleta mada, pole kwa kuuguza. Lakini niseme ninachoamini. Dar nzima inavuta moshi. Mkaa jikoni, magari Mandela Road, watu wanachoma taka uani kila jioni. Mzee wa miaka 57 akikohoa, unajuaje ni shimo la miaka kumi na kitu iliyopita? Baba yako hakuwahi kuvuta sigara? Nakuuliza kwa sababu ukienda popote na hiyo kaunta, hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na usipokuwa na jibu, wazee wote tisa watachekwa.

#3 Tabibu wa Zamu

Nipo zamu, nitaandika kwa vipande. Mimi ni daktari, siyo bingwa wa mapafu, lakini nimeona wagonjwa wa aina hii, wengi wao wafanyakazi wa karakana na wapishi wa mkaa.

Swali la Hoja Kwanza ni zuri na lina majibu mawili. La kwanza: moshi wa taka mchanganyiko siyo sawa na moshi wa kuni. Plastiki ikiungua kwa moto hafifu, ule wa shimo la wazi, inatoa dioksini, benzini na gesi nyingine kali. Betri na rangi zinaongeza madini kama risasi. Chembe zake ni ndogo sana. Zile za mikroni 2.5 kwenda chini zinapita pua na koo na kufika mwisho kabisa wa pafu, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo unaweza kukisia. Moshi wa dizeli peke yake uliwekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika, mwaka 2012.

Jibu la pili linahusu picha iliyosemwa ni safi. Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walichapisha habari za askari 80 wa kambi ya Fort Campbell waliorudi Iraq na Afghanistan wakilalamika kwamba hawawezi tena kukimbia. Hao 80 hawakuwa wazee. 49 kati yao walikubali kukatwa kipande kidogo cha pafu kikachunguzwe, na 38 wakakutwa na bronkiolitisi ya kubana, yaani vile vijia vidogo kabisa vya hewa vimejaa makovu na kusinyaa. Wengi wao walikuwa karibu na moto wa mgodi wa salfa wa Mishraq, karibu na Mosul, mwaka 2003. Wengine hawakuwa hapo. Kilichonigusa nilipoisoma: karibu wote picha zao za kawaida za kifua zilionekana sawa. Kwa hiyo mzee kuambiwa picha ni safi hakumaanishi kwamba anazusha.

Sisemi mzee ana ugonjwa huo. Siwezi kusema hivyo kupitia simu. Na siwashauri mkimbilie kukatwa pafu, ni upasuaji, una hatari zake.

#4 Tabibu wa Zamu

Naendelea. Vya kuomba hospitali: kipimo cha kupuliza, ule mrija unaopuliza kwa nguvu zako zote na mashine inachora mstari. Kifanyike zaidi ya mara moja, kwa sababu kinachosema kweli ni mwelekeo wa miezi na miaka. Mkiweza, picha ya CT ya kifua, na waambieni kabisa kwamba mgonjwa alivuta moshi wa taka, maana namna ya kupiga na kusoma inabadilika. Kifua kikuu msikifute moja kwa moja, rudieni makohozi hali ikibadilika.

Kuna kipimo kingine hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa anatembea dakika sita kwenye uwanja tambarare kwa mwendo wake, unapima ametembea mita ngapi, na kile kibanio cha kidoleni kinasoma oksijeni kabla na baada. Kifanyikie kliniki, asifanyishwe peke yake barabarani. Andika mita na namba za oksijeni pamoja na tarehe. Askari wa hatua mia na arobaini atakielewa kipimo hiki kuliko mimi.

Na omba nakala ya kila karatasi siku ile ile. Hospitali nyingi mafaili ya zamani ni shida kuyapata.

Neno moja kuhusu ushahidi. Mwaka huo huo 2011 kamati ya wanasayansi iliyoombwa na serikali ya Marekani ichunguze mashimo haya ilisema ushahidi wa madhara ya muda mrefu hautoshi. Watu wengi walilisoma hilo kama jibu la hapana. Walichosema wale wataalamu ni kwamba vipimo vya hewa na kumbukumbu za nani alikuwa wapi vilikuwa haba mno. Dada, ndicho unachokifanya wewe na kaunta yako. Kumbukumbu za nani alikuwa wapi.

#5 Binti wa Afande

Dokta, Mungu akubariki, nimenakili yote.

Hoja Kwanza, sijakasirika kaka. Ndiyo, baba alivuta sigara. Kuanzia jeshini akiwa kijana mpaka 2003, mdogo wangu alipozaliwa na kifua kibaya akaziacha siku hiyo hiyo. Liko kwenye kaunta ukurasa wa pili. Mama alipika kwa mkaa mpaka 2016 tulipopata gesi. Hilo lipo. Mzee mmoja alifanya kazi kiwanda cha saruji kabla ya jeshi, lipo pia. Nilimwambia baba nitaandika yote, yanayotusaidia na yasiyotusaidia, akasema ripoti ya doria huwa inaandikwa hivyo hivyo.

#6 Mstaafu Kitunda

Binti yangu, nimeusoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni mstaafu. Nilitaka kukwambia ufute.

Sisi tumekula kiapo. Ukiandika kambi ilikuwa wapi, hema ziligawanywaje, silaha ziliwekwa wapi, walinzi wangapi usiku, unamtia baba yako na wewe mwenyewe matatani, na utakuwa umekosea kweli. Hayo usiyaandike hata kwenye kaunta ya nyumbani. Andika mwili na andika moshi. Hatua mia na arobaini hadi shimoni haimsaidii adui yeyote. Idadi ya mahema inaweza kumsaidia.

Baada ya kusema hayo, nitakupa langu. Misheni yangu ilikuwa nyingine, siyo ya baba yako. Shimo letu lilikuwa upande wa mashariki. Kwa miezi kadhaa upepo ulikuwa unatoka huko huko, unaingia mahemani tangu usiku mpaka jua linapopanda. Uliza kila mzee upepo ulitoka wapi. Askari anajua upepo, alikuwa anautumia. Na uliza nani alipangwa zamu ya shimo. Mara nyingi walikuwa vijana wadogo, au aliyekosea nidhamu alipewa shimo wiki nzima kama adhabu. Kama kuna waliougua zaidi, tazama hao kwanza.

Mimi sijawahi kumwambia mke wangu kwamba nikipanda kilima cha Pugu nasimama mara nne. Yeye anadhani nasimama kusalimiana na watu.

#7 Mkampala wa Dar

Mimi ni Mganda, nipo Dar mwaka wa sita, biashara ya vipuri. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa mkataba Iraq, kwenye kambi ya Wamarekani, tukiwa vijana wengi wa Uganda na Kenya. Shimo nalijua, harufu yake naijua hata leo mtu akichoma ndoo ya plastiki mtaani.

Mkataba wangu kampuni ilibaki nao, mimi nilirudi na begi. Nawaambia wenzangu wa Afrika Mashariki kitu ambacho sikukijua wakati ule: ile PACT ni ya wanajeshi wao, haituhusu walinzi wa kampuni. Ila wana sheria ya mwaka 1941 inayoitwa Defense Base Act, inayotaka makampuni yenye mikataba ya kijeshi ya Marekani ng'ambo yawakatie bima wafanyakazi, hata wasio Wamarekani. Kuna muda wa kudai, na kwa maradhi yanayojitokeza taratibu hesabu yake ni tofauti na ya ajali. Atakayetaka kuifuata atafute mwanasheria anayeijua, na aende na kitambulisho cha kambi, hati za malipo, tiketi za ndege. Mimi kitambulisho nilikitupa 2011. Nilikitupa kwa hasira, na sasa ndicho ninachokitafuta.

#8 Jirani wa Dampo

Samahani kuingilia uzi wa wanajeshi. Sisi tunaokaa karibu na dampo la Pugu Kinyamwezi tunavuta moshi na hatujawahi kuvaa gwanda. Vijana wanaookota chupa na vyuma wanashinda humo siku nzima, dampo likishika moto linafuka kwa siku nyingi. Maelezo ya dokta ya plastiki na moto hafifu nimeyasoma nikaona ni nyumbani kwangu. Kaunta kama hiyo sisi tunaweza kuanzisha?

#9 Wakili Mchanga

Jirani, mnaweza, na mnao watangulizi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji la Dar es Salaam Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa pale, moshi na harufu. Jaji alikataa ombi la Jiji la kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka pale, na akaunganisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Tulisomeshwa kesi hiyo darasani, ni ya kujivunia. Hawakuwa matajiri, walikuwa wakazi waliochoka kukohoa.

Dada mleta mada, kuhusu uzito wa kaunta. Haitoshi peke yake, lakini siyo bure. Maelezo yaliyoandikwa mapema, kabla hakujawa na kesi wala fedha, yanaaminika kuliko yanayoandikwa siku ya kudai. Kila mzee asome ukurasa wake, aweke sahihi au dole gumba, na tarehe. Ukikosea usifute wala usichane ukurasa. Kata kwa mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina. Wakati ukifika, yale muhimu yageuzwe viapo mbele ya kamishna wa viapo. Na piga picha kila ukurasa, uziweke mahali pawili. Nyumba zinaungua na mvua za huku zinaingia ndani.

#10 Mama Rangi Tatu

Mwanangu, mimi ni mama wa Mbagala Rangi Tatu, mjukuu ndiye ananiandikia. Mume wangu alikuwa askari, alikwenda kulinda amani, akarudi, akakohoa miaka mitano, akafariki. Cheti kinasema moyo. Hakuwahi kuniambia habari za shimo lolote. Nina sanduku lake tu. Ndani kuna kadi ya njano, picha nne, sare moja sikuifua tangu aliporudi, bado inanuka. Watu wamekufa wanaandikwa kwenye hiyo kaunta, au ni ya walio hai?

#11 Binti wa Afande

Mama, shikamoo. Pole sana. Wanaandikwa. Nimekuachia ukurasa wa kulia, ule wa kushoto uwe wa picha. Sare usiifue, wala usiianike. Ikunje ilivyo, itie kwenye mfuko safi, ufunge. Sijui kama itakuja kupimika, lakini ikifuliwa haitapimika kabisa. Picha zigeuze, kama kuna maandishi nyuma mjukuu apige picha pande zote mbili. Na kama kwenye picha yupo mtu unayemkumbuka jina, hata la utani, niandikie. Wazee wangu hapa wanajuana kwa majina ya utani. Yawezekana mmoja wao alilala hema moja na mzee wako, na atakwambia yale ambayo yeye hakukusimulia. Njoo inboksi, tupange siku nije huko Mbagala, usipande magari wewe.

Afande wa Kitunda, shikamoo baba. Nimepitia kurasa zote, yale ya mahema nimeyakata kwa mstari kama wakili alivyosema. Upepo nauliza kuanzia kesho. Na mweleze mama huko nyumbani kuhusu kile kilima, tafadhali.

Jirani wa Dampo, kaunta ya kwanza nakununulia mimi.

Baba ameamka. Kaniuliza naandika nini na taa imewaka tangu usiku, nimemsomea kuanzia mwanzo. Kasikiliza yote. Kasema kuna kosa: hatua mia na arobaini ni kutoka hema la kwanza, lile la miezi mitatu ya mwanzo. Baadaye walihamishwa, wakawa hatua tisini. Hakuwahi kunitajia hilo. Nakata mstari kwenye ukurasa wa kwanza sasa hivi, naandika tisini pembeni, naye anaweka sahihi.